Chachu ya Uani

Mwaka wa 1870 mmisionari Mwingereza kwa jina Edward Steere alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Ndani yake mna orodha ndefu ya maneno, na kwenye herufi ya H lipo neno hamira. Maelezo yake ni mafupi sana: ni chachu, nayo hupatikana kwa kuchanganya unga na maji na kuuacha mchanganyiko mpaka uchache. Basi. Steere hakuwa anaandika kitabu cha mapishi. Alitaka maneno ya kuhubiria na kutafsiria Biblia, na Biblia ina habari za chachu tele. Lakini akaacha kwenye karatasi hatua moja ya jikoni ambayo leo, ukizunguka Mji wa Kale hapa Mombasa ukiuliza hamira ni nini, utaonyeshwa kipakiti cha dukani.

Hebu tukiangalie hicho kipakiti. Hamira kavu ya chembechembe ilitengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili jeshi liweze kuoka mkate mahali popote bila jokofu. Ile nyepesi zaidi, ya kumwaga moja kwa moja kwenye unga bila kuilowesha kwanza, ilikuja miaka ya 1970. Kwa hivyo mtu akikuapia kwamba mkate wa kwao umetoka kwa nyanya wa nyanya yake bila kubadilika hata chembe, na mkononi ameshika kipakiti, hesabu haikubali. Kuna kitu kilikaa mahali pa kile kipakiti. Kiliondolewa, na aliyekiondoa hakusema.

Mkate ninaouzungumzia ni mkate wa kumimina, ambao wengine hapa wanauita mkate wa sinia. Kwa msomaji wa bara asiyeujua: ni mkate wa mchele. Mchele unarowekwa usiku kucha, unasagwa pamoja na tui zito, unatiwa iliki na sukari, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuokwa kwa moto wa juu na chini. Ukiukata unaona matundu kama ya sega la nyuki. Usipoumuka, unapata kitu kama ugali mtamu, na hakuna mgeni atakayeomba kipande cha pili. Unga wa ngano unavutika, unashika hewa wenyewe, hata ukikosea kidogo utakusamehe. Mchele hauna mvuto huo. Mkate wote unasimama juu ya chachu.

Shangazi yangu alianza kuuuza kwa oda Ramadhani mbili zilizopita, na biashara ikashika. Mwaka huu akataka lebo. Mimi ndiye mwandishi wa ukoo, manake niliacha chuo kikuu mwaka wa pili na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: matangazo ya sabuni, maelezo ya nyumba za kupangisha, hotuba za wagombea wa wadi. Shangazi alitaka sentensi tatu tu. "Weka vizazi vitano," akaniambia. "Weka siri ya Mvita. Watu wa Nairobi wanapenda siri." Vizazi vitano alivihesabu hivi: nyanya ya nyanya yangu, mamake nyanya, nyanya mwenyewe, yeye shangazi, na bintiye ambaye sahii ndiye anayepokea oda kwa simu.

Sentensi tatu ningeziandika nikiwa kitandani. Lakini kile chuo kiliniachia tabia moja mbaya, ya kutaka kujua jambo lilianzia wapi. Nikaenda Kuze kwa nyanya.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Mwanamume wataka nini uani?"

Nikamwambia nataka kuandika mapishi ya mkate. Akacheka, akanitajia yote kwa pumzi moja. "Mtele wauroweka. Wausaga. Watia tui, watia hamira, wangoja. Ukiumuka wauoka."

"Mtele kiasi gani?"

"Kiasi cha watu."

"Na tui?"

"Mpaka ukubali."

Ukienda mitandaoni utakuta vijana wa rika langu wakilalamika kwamba wazee ni wachoyo, wanaficha mapishi, wanaacha kiungo kimoja makusudi ili mkate wa mke wa mwana usiushinde wao. Labda wapo wa hivyo. Lakini baada ya kukaa na nyanya siku nne nimeacha kuamini hadithi hiyo kama maelezo ya kila kitu. Chukua hilo la kiasi. Pwani hii ilikuwa na vipimo kamili kabla ya kilo kufika. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na mfanyabiashara aliyepunja kibaba alijulikana mtaa mzima. Kibaba leo kimebaki kwenye methali ya haba na haba, na nyuma ya kaunta chache. Kule bara walichukua mkebe wa Kimbo wa kilo mbili wakauita gorogoro, na soko zima likaafikiana. Hakuna watu wasiojua kupima. Ila vipimo hivyo vilikuwa vya sokoni, vya kumzuia mtu asikuibie. Jikoni, nyanya alipimia kifuu cha nazi alichorithi kwa mamake, na hapo hakuna wa kumwibia. Kifuu kilipasuka, mwenyewe haikumbuki ni mwaka gani, na mkono ukawa umeshazoea uzito wake.

Au chukua la muda. Kila mapishi ya kwenye intaneti yanakwambia uache mchanganyiko uumuke saa moja, au saa moja na nusu. Nyanya hakutaja saa. Alitaja sala. Mchele unarowekwa baada ya isha, unasagwa ukishatoka alfajiri, na ule muda wa kungoja "yategemea". Yategemea nini? Mkate huu ni wa Ramadhani zaidi, na Ramadhani haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo katika miaka thelathini na kitu inakuwa imezunguka mwaka wote. Kuna Ramadhani za kaskazi, wakati joto la Mombasa linachachusha hata wali uliosahauliwa mezani, na kuna Ramadhani za kusi, mvua inanyesha, upepo unaingia dirishani, na sufuria inabidi ifunikwe kanga na kusogezwa karibu na jiko. Mwanamke aliyepika mkate huu maisha yake yote amepika ndani ya kila msimu. Angekwambia saa moja na nusu angekuwa anakudanganya.

Nikaacha kuuliza, nikaanza kutazama. Ndipo nilipoona mambo ambayo hakuyataja. Tui alilikamua kwa maji ya vuguvugu, si ya baridi. Sukari nyingi aliitia baada ya unga kuumuka, mwanzoni alitia kijiko tu. Baada ya hapo hakukoroga tena kwa nguvu, aliugeuza mwiko mara mbili polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Na alipotaka kujua kama umekuwa tayari, hakuangalia. Aliinama akaweka sikio juu ya sufuria.

"Wasikiza nini?"

"Wasema," akanijibu. Kweli. Ukikaribia unausikia, vitone vidogo vinapasuka, kama mvua ya mbali kwenye makuti.

Kuna jambo moja zaidi, ndilo lililonikosesha usingizi. Kabla ya kutia sukari, nyanya alichota kikombe kimoja cha ule unga uliosagwa, akakiweka kando, akakifunika kisahani. Nikadhani ni cha kuongezea baadaye. Hakukitumia. Mkate ukaiva, ukapakuliwa, ukaliwa, na kile kikombe kikaingia jokofuni. Kesho yake asubuhi akakitoa, akakimwaga kwenye karo, akakiosha.

"Nyanya, kile kikombe ni cha nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavua viatu mlangoni. "Ni ada tu. Mama alifanya hivyo."

Ningekuwa sijasoma lile neno kwa Steere ningepita. Lakini wewe msomaji umeshaona. Kile kikombe ndicho hamira yenyewe. Zamani hakikumwagwa. Kilikuwa mbegu ya mkate wa kesho: unga na maji vilivyoachwa vikachacha, ukichanganya na unga mpya vinauambukiza uhai. Kipakiti kilipoingia, kazi ya kikombe ikaisha, lakini mkono haukuambiwa. Kwa miaka zaidi ya sitini nyanya amekuwa akichota chachu, akiilaza, na kuimwaga.

Nilipomweleza hivyo, alinyamaza kitambo, halafu mambo yakaanza kurudi. Kwao kulikuwa na chungu, chungu cha udongo cha mkate tu, na hakikuoshwa kwa sabuni. Kilisuuzwa kwa maji kidogo na kuinamishwa. Watoto walikatazwa kukigusa. Udongo una vinyweleo, chachu inajificha humo, kwa hivyo hata kikombe kikisahauliwa chungu chenyewe kinakumbuka. Halafu zikaja sufuria za alumini, ambazo sifa yake kubwa ni kung'aa, na mwanamke aliyeacha sufuria bila kusugua alionekana mchafu. Hatua ile ikakosa pa kukaa.

"Na chungu kikiwa kipya," nikauliza, "mbegu ya kwanza yatoka wapi?"

Nyanya akatazama mlango wa mbele. Akapunguza sauti. "Tembo."

Si mnyama, kwa wale wa bara. Tembo la mnazi. Mgema anapanda mnazi, anakata ncha ya ua kabla halijafunguka, anaweka chombo chini yake, na utomvu unadondoka polepole. Anashuka nao asubuhi na jioni. Unapotoka ni mtamu kama maji ya sukari, lakini chachu za hewani hazimngoji mtu: katika saa chache unatoa povu, jioni ni pombe, na siku zinazofuata unaelekea kuwa siki. Hilo povu la asubuhi, kabla halijawa kali, ndilo lililotiwa kwenye unga wa mchele.

Na hatukuwa peke yetu. Ukivuka bahari mpaka Kerala, kuna appam: mchele uliorowekwa na kusagwa, nazi, na tembo la kuumulia. Sri Lanka wana wa kwao, kwa vitu vilevile. Goa wana sanna, ambazo kwa desturi ziliumuliwa kwa tembo, na Wagoa wameishi Mombasa hii vizazi kadhaa. Mchele, nazi, tembo, pwani baada ya pwani. Sisemi nani alimfundisha nani. Majahazi yalienda na kurudi na kaskazi na kusi, na mchele wenyewe ni mgeni hapa: wachimbuzi wa mambo ya kale waliochunguza mbegu zilizoungua huko Pemba wameonyesha kwamba kabla ya karne ya 11 hivi watu walitegemea zaidi mawele, na mchele ukashika nafasi baadaye, miji ilipokua. Ibn Battuta alipita mwaka wa 1331. Mogadishu alikula wali wa samli uliozungukwa na vitoweo vya kila namna, mpaka achari ya ndimu akaikumbuka. Kuhusu Mombasa aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kutoka kwingine. Alikuwa mtu wa kutazama sana, yule bwana. Lakini aliingia kwa mlango wa mbele, akakaa na masheikh, akahudumiwa. Hakuna mgeni wa mlango wa mbele aliyewahi kuona chachu.

Kwa sababu chachu ilipita nyuma. Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na tembo halipiti barazani. Sitaki kuingia kwenye fikihi, si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba nyanya, mwanamke wa miaka themanini na zaidi, alisema neno lile kwa sauti ya mtu anayetaja deni. Ndiyo maana nadhani kipakiti kilipokewa haraka hivyo. Haikuwa urahisi peke yake. Kipakiti kiliosha mkate. Kilimwezesha mtu kuula na kumpa imamu bila kumfikiria mgema. Na hatua ambayo mtu anaionea haya haihitaji kufichwa. Inatosha kutoisema mara moja tu, kwa binti mmoja, na kizazi kinachofuata kitaapa kwamba haijawahi kuwepo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa siri. Nikauliza swali la mwisho, la kujaza daftari tu: ni nani aliyekuwa akienda kuchukua hilo tembo kwa mgema? Mamake nyanya hangeenda. Nyanya yake ndiyo kabisa; mwanamke mwungwana wa wakati ule hakutoka mchana.

"Yule mama wa uani," nyanya akasema.

Uani, kwa wasioishi katika nyumba hizi, ni ile sehemu ya nyuma isiyo na paa au yenye nusu paa: kisima au bomba, jiko, kinu, kamba ya nguo. Mgeni hafiki. Nyanya alizaliwa mwaka wa 1941, na kumbukumbu zake za kwanza zote ni za uani. Katikati ya kumbukumbu hizo yupo bi kizee mmoja ambaye hakuwa wa damu, au hivyo ndivyo watoto walivyoambiwa. Alilala kwenye chumba cha kando ya jiko. Ndiye aliyekishika chungu. Ndiye aliyeweka sikio. Alikufa kabla nyanya hajafunga Ramadhani yake ya kwanza kamili, na mamake nyanya akaendelea kupika kama alivyomwona yeye akipika.

Sasa weka tarehe. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka wa 1897. Huku kwetu, kwenye ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani na kutawaliwa na Waingereza, ulifutwa mwaka wa 1907. Serikali ililipa fidia, na waliolipwa ni mabwana, si watumwa. Wengi waliokuwa huru kwenye karatasi walibaki walipokuwa, kwenye mashamba na kwenye nyua zilezile, kwa sababu uhuru haukuja na nyumba. Mwanamke aliyekufa mzee mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mtu mzima mwaka wa 1907. Nyanya hakutumia neno mtumwa. Alisema, "Aliletwa. Watu wa Nyasa." Hilo lilinitosha. Wengi waliouzwa pwani hii karne ya 19 walitolewa pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Na watu wa bara walijua kuchachusha nafaka tangu kale. Mtu kama yule hakuhitaji mwungwana amfundishe kwamba unga na maji vikiachwa vinapata uhai.

Kuna kitabu kizuri cha habari hizi, cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilichotoka mwaka wa 1989. Wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa midomo yao wenyewe, na mmoja ametoka kwenye ukoo uliomiliki watumwa, mwingine ni wa kizazi cha waliomilikiwa. Kinasomeka kama mazungumzo ya alasiri. Kilichonigusa ni jinsi nyumba moja inavyoonekana mbili kutegemea umesimamia wapi, sebuleni au nyuma. Waliokimbilia Frere Town, makao ya walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1875 ng'ambo ya kisiwa, wakabatizwa, majina yao yaliingia kwenye vitabu vya kanisa. Huyu wa kwetu hakukimbilia popote. Nilimuuliza nyanya jina lake mara tatu, siku tofauti. Walimwita mama. Hawakufundishwa jina jingine.

Na hapa ndipo lile swali la mapishi linaponiuma. Sisi watu wa pwani tunapenda nasaba. Babu yangu angeweza kukutajia mababu tisa bila kupumua, fulani bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut au mpaka karibu na hapo. Nasaba hiyo inapita kwa wanaume. Mtoto wa suria alikuwa huru, alirithi kama nduguze, alibeba jina la babake. Mamake ndiye aliyeyeyuka. Mapishi yanapita upande mwingine, mkono kwa mkono, wa wanawake. Hayajui bin. Kwa hivyo mkate umebeba kitu ambacho ile orodha ya mababu tisa haikuwa na nafasi ya kukibeba. Tukisema "mapishi ya ukoo" tunasema uongo wa adabu. Vizazi vitano vya shangazi, ukivifuata kwa damu, vinaenda kwa nyanya ya nyanya, mwanamke ambaye kwa maelezo ya mjukuu wake mwenyewe hakuwahi kusaga mchele. Ukivifuata kwa chachu, vinakata kona uani na kuishia kwa mtu asiye na jina.

Nikaandika sentensi tatu. Ya kwanza ilisema mkate huu ni wa mchele, nazi na iliki, unaokwa Mombasa. Ya pili ilisema umepikwa katika nyumba moja kwa vizazi vitano. Ya tatu: "Aliyetufundisha alikuwa mwanamke wa uani, aliyeletwa Mvita akiwa mtumwa."

Shangazi alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena.

"Unataka kuniua?"

"Si ni kweli?"

"Kweli nani kakataa? Nani atafuturu kwa utumwa? Na binti yangu yuko na posa mezani. Watu wataanza kuuliza sisi ni nani."

Hilo la posa si mzaha. Hapa kwetu watu bado wanaulizana kwao wapi kabla ya kuulizana kazi gani. Nilimwelewa, na bado naona amekosea, na mambo haya mawili yanakaa pamoja vizuri tu ndani yangu. Nikamwambia hata asipoandika, mkate wenyewe unasema. Akaniambia mkate hauna mdomo, na kwamba ile pesa ya kazi atanitumia hivyo hivyo.

Nyanya, aliyekuwa kitandani akitusikiza, hakuchukua upande. Alisema jambo moja tu, na hakulisema kwetu hasa. "Alikufa Mfunguo Mosi. Mvua yanyesha. Mkate wa siku ile haukuumuka."

Baadaye nilijaribu kwa njia ya zamani. Kile kikombe cha nyanya nilikiomba kabla hajakitia jokofuni, nikakiacha juu ya meza usiku mzima, asubuhi kikawa na povu na harufu kali kidogo kama ya maziwa lala. Nikakichanganya na mchele mpya, bila kipakiti. Uliumuka pole, ulichukua kutoka adhuhuri mpaka alasiri ikapita. Nilipalia makaa juu ya kifuniko mwenyewe. Mkate ulitoka mfupi kuliko wa shangazi, matundu madogo, na una uchachu kwa mbali ambao sukari haiufuniki. Nyanya alikula kipande kimoja, akaomba kingine, akasema iliki imezidi.

Tangu siku hiyo kikombe hakimwagwi. Kiko Kuze, kimefunikwa kisahani kilekile, na kila baada ya siku tatu naenda kukilisha unga wa mchele na maji ya vuguvugu. Nyanya anajifanya hakioni, ila nikichelewa ananipigia simu.

Lebo ilitoka kwa mchapishaji wiki iliyotangulia Ramadhani. Sentensi ya kwanza na ya pili ziko vile vile. Ya tatu shangazi aliikata, lakini si yote: aliacha maneno mawili, akayapachika chini ya picha ya sinia, kwa herufi ndogo za rangi ya kahawia. "Mapishi ya uani." Anasema aliyaacha kwa sababu yanasikika vizuri. Wateja wa Nairobi wanampigia kuuliza uani ni wapi, ni kijiji gani huko pwani. Binamu yangu ndiye anayepokea simu. Anawaambia ni nyuma ya nyumba.